Kiti cha Mchanganyaji

Kule kwenye chumba cha pasi cha dobi, wenzake walimwita Jiko, maana joto likimpanda alifungua vifungo vya gauni la kazi hata meneja akiwepo. Asubuhi hiyo alitoka msalani anacheka peke yake, akamwinamia shoga yake, mkunja mashuka.

"Nimeziona siku zangu."

Kumpa siri mkunja mashuka ni sawa na kubandika tangazo ukutani. "Jamani, Jiko karudi usichanani!" Pasi zikawekwa chini, vigelegele vikapigwa. "Mwambieni mzee wake ajikaze!"

Sifa zote zikaenda kwa kopo. Kopo jeupe lenye picha ya ua, ndani yake krimu ya homoni aliyoichanganya mwenyewe yule bwana wa duka la dawa la pale kona. "Ya asili," alisema, "nimekupimia wewe tu." Mkunja mashuka naye alikuwa na lake.

Zahanati je? Daktari hakuinua hata kichwa. "Umri huo, mama. Vumilia." Alipong'ang'ania akaandikiwa vidonge vya homoni vya kiwandani, na ndani ya boksi mkawa na karatasi ndefu kama foronya: damu kuganda, kiharusi, saratani. Nani wa kumfafanulia? Akavitupia kabatini. Mchanganyaji, yeye, alimvutia kiti akamsikiliza mpaka chai yake ikapoa. Na kopo lake halikuwa na onyo hata moja.

Mchana damu ilipenya gauni. "Nenda ukajisafishe," meneja alisema, mkono puani. "Hapa tuna mashuka meupe. Na leo nakuhesabu hujaja."

Akaenda zahanati na kopo lake mkobani. Safari hii alipokelewa na nesi.

"Hedhi ilikoma lini?"

"Mwaka juzi. Sasa imerudi."

"Hiyo si hedhi, mama." Nesi alifungua kopo, akanusa. "Humu mna nini?"

"Homoni. Ya asili."

"Ipi, na kiasi gani?"

Jiko akaligeuza kopo; lilikuwa na ua tu.

"Kuna homoni inayonenepesha ukuta wa mji wa mimba, na kuna nyingine ya kuuzuia. Ikipungua hiyo ya pili, ukuta unanenepa tu, na mwisho wake unaweza kuwa saratani. Vidonge unavyoandikiwa hapa vina hatari zake, lakini vimepimwa na kukaguliwa, na karatasi yake inakwambia: ukitokwa damu, njoo mbio. Hili kopo limekaguliwa na nani?"

Wakachukua kipande cha ukuta kwenda kupimwa. Majibu angeyasubiri.

"Kumbe ile karatasi ilikuwa upande wangu," Jiko alisema. "Mbona hakuna aliyenieleza?"

Nesi alitazama foleni iliyofika mpaka uani, akaita anayefuata.

Hakwenda nyumbani. Duka la mchanganyaji lilikuwa limejaa wanawake.

"Bwana, niandikie kilichomo humu."

"Aa, mama! Hiyo siri ya kazi."

"Siri ya kazi, ndani ya mwili wangu?"

"Usinifukuzie wateja. Ukitaka vya zahanati, nenda wakakuambie uvumilie."

Hapo alimgusa palepale penye kidonda, kwa sababu ilikuwa kweli. Jiko alikitazama kile kiti. Akakibeba mpaka nje, akakiweka katikati ya mlango, akakikalia.

Mkunja mashuka akatokea, kopo tupu mkononi. "He! Shoga, unauza nini hapo?"

"Siuzi. Nimetoka kukatwa kipande cha mji wa mimba kwa sababu ya kopo kama hilo lako. Ile haikuwa hedhi."

Kicheko kikamkauka mwenzake. Wanawake waliokuwa ndani wakasogea mlangoni.

"Mama wee, rudisha kiti changu!"

"Njoo ukichukue."

Joto likaanza kumpanda kutoka kifuani mpaka masikioni. Jiko akafungua vifungo vya juu, hapohapo mbele ya barabara, akamgeukia shoga yake.

"Haya, na wewe usiku linakupandaje? Anza mwanzo. Leo mimi nasikiliza."