Kilima cha Mchanga Mbele ya Nyumba Yetu

Kigingi cha mstari wa nyuma kiliangukia jikoni kwangu, kati ya jiko na kabati la vyombo. Mpima ardhi, mwanamume mzima mwenye kitambi chake, alisimama mlangoni na nyundo mkononi, hajui aingie au arudi.

"Mama, samahani," akasema. "Kwa vipimo vyetu, hapa ndani ndipo kinapotakiwa kupigiliwa."

"Jaribu uone," nikamwambia.

Akatoa chaki mfukoni, akachora msalaba mdogo sakafuni, akaondoka kinyumenyume. Nikaufuta kwa tambara kabla hajafika barabarani, ili akigeuka anione.

Mji wetu wakati huo ulikuwa unagombana kuhusu mchanga. Mvua za mwaka uliopita bahari ilivuka barabara ikaingia zahanati na shule, na halmashauri ikaamua tujengewe tuta kubwa la mchanga, refu kama mji wenyewe, lipandwe majani ya kulishika, lizuie mawimbi. Hapo hakuna aliyebisha. Ugomvi ulikuwa liwekwe wapi. Kulikuwa na mstari wa mbele, ufukweni kabisa, ambao ungeziacha nyumba zetu za safu ya kwanza zikae salama nyuma yake. Na kulikuwa na mstari wa nyuma, uliopita juu ya nyumba hizohizo. Huo ukichaguliwa, safu yetu yote ivunjwe, sisi tuhamishiwe nyumba mpya huko mlimani nyuma ya shule. Watu wa mlimani waliupenda sana mstari wa nyuma. Ndiyo, ujasiri wa nyumba ya mwenzio haumshindi mtu!

Mimi ni fundi cherehani. Wananiita Sindano, na anayekwambia ni kwa sababu ya kazi tu anakuficha. Nimezaliwa katika nyumba ile, nimewazika wazazi kutoka nyumba ile, na cherehani yangu iko chumba cha mbele, chini ya dirisha la baharini. Baba alikuwa mwashi na aliijenga kwa mikono yake. Madirisha yake hayalingani, kwa sababu alibadili mawazo katikati ya ukuta na hakutaka kubomoa. Ukumbini kuna alama ya unyayo wa mama kwenye saruji. Alimletea baba chai sakafu ikiwa bado mbichi, baba akapiga kelele weee, kisha akasema uache, usizibwe. Nikifagia huwa naufagia polepole, sijui kwa nini. Nyumba zote za mji huu zina sakafu. Ya kwangu ina mama.

Lakini kitu nilichokipenda kuliko vyote hakikuwa ndani. Mbele ya nyumba, kati ya baraza na maji, kulikuwa na kilima cha mchanga. Jamani, kile kilima! Tukitoka shule tulikuwa tunatupa madaftari barazani na kupanda na beseni la mama la kufulia. Unakaa ndani ya beseni, mwenzako anakusukuma, unashuka unapiga ukelele mpaka miguu inaingia majini. Mama akiliona beseni limetoboka anatukimbiza na ufagio, nasi tunapanda tena kileleni, maana alijua hatapanda na kanga yake. Pale juu ulikuwa unamwona yeye ndani anapika, na ukigeuza shingo unaona bahari yote. Nilidhani dunia imeishia pale, na imeishia vizuri.

Bahari ilikimega kidogo kidogo. Mwaka niliomaliza shule ya msingi hakikuwepo tena, palikuwa ufukwe mtupu, na mimi nililia kama nimefiwa.

Sasa sikia. Injinia wa tuta, mwanamke mdogo mpole anayesikiliza mpaka unamaliza, alikuja kutueleza jambo lake barazani kwa mwoka mikate, jirani yangu.

"Mchanga una mahali pake, mama zangu," alisema. "Upepo wa hapa uliukusanya mahali fulani kabla hamjazaliwa. Tukijenga tuta hapohapo, litakaa na litaongezeka lenyewe. Tukilijenga pengine, bahari italilamba. Shida ni kwamba hakuna picha za zamani. Kwa hiyo kwenye mkutano nitawauliza wanaokumbuka: kilima cha asili kilikuwa wapi?"

Mwoka mikate alinikanyaga mguu chini ya meza kwa furaha. Kilima kilikuwa mbele! Nani asiyejua? Nusu ya watoto wa mji huu waliteremkia beseni la mama yangu.

Na shahidi nilikuwa naye katika familia. Kaka yangu mkubwa wanamwita Posta. Alifanya kazi posta mpaka akastaafu, na miaka yote hiyo hakuwahi kuleta nyumbani hata kalamu ya ofisi. Ukimwuliza kama gauni limekukaa vizuri atakwambia ukweli, ndiyo maana hakuna anayemwuliza. Akisema jambo, mji unafunga mjadala. Yeye anaishi huko mlimani. Tangu wifi yangu alipofariki, anashuka kwangu kila mchana kula, analalamika chumvi, anaondoka.

Siku moja kabla ya mkutano alikuja na suruali ya kupunguza upindo. Nikampakulia, nikakaa mbele yake.

"Kesho injinia atakuuliza kilima kilikuwa wapi. Utamwambia kilikuwa mbele ya nyumba, sivyo?"

Akaendelea kutafuna.

"Kaka, nasema na wewe."

"Mbele kilikuwepo, ndiyo."

"Basi. Sema hivyo, keti chini, kazi imekwisha."

Akaweka kijiko. Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda, kama mtu anayepaswa kukupa habari za msiba na hajui aanzie wapi.

"Mdogo wangu, hapa tulipokaa hapakuwa na kiwanja. Palikuwa na kilima. Kilima chenyewe, safu yote hii, kina vichaka juu na mizizi kama kamba. Baba na wenzake walikichimba wapate mahali pa kujenga, waione bahari. Waliona ni mchanga tu, unaondoka kwa koleo. Mimi nilikuwa darasa la kwanza, nasukuma toroli naye. Mchanga wote tuliumwaga pale mbele. Wewe umezaliwa paa limeshaezekwa."

"Unasema nini wewe?"

"Nasema ulichokuwa unateremka na beseni ni kifusi cha nyumba hii. Ndiyo maana bahari ilikimaliza haraka. Hakikuwa na mzizi hata mmoja."

Loo! Nilihisi kama amenitoa kiti. Niliangalia nje dirishani, nikaona ufukwe, nikajaribu kukiona kilima changu kama kifusi, nikashindwa. Nikashikwa na hasira, maana hasira naijua zaidi.

"Miaka yote hii hukuniambia kwa nini?"

"Ulikuwa unakipenda," akasema. "Ningekuambia ili iweje?"

Nikamwambia kesho akisema hayo mbele ya watu asinijue tena, asinisalimie, na chakula akatafute kwingine. Akainuka, hakumaliza sahani. Nami nikaivuta suruali yake, nikaipitisha kwenye cherehani bila kupima, mguu mmoja ukawa mfupi kuliko mwenzake. Nikampelekea jioni hivyohivyo.

Na aliivaa. Kesho yake niliingia ukumbi wa shule nikamwona amekaa mbele, soksi moja inaonekana na nyingine haionekani, na roho ikanisuta kidogo. Kidogo tu.

Ukumbi ulijaa. Tulikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakitugusa kidevu. Ukutani bado kulikuwa na mstari wa kahawia wa maji ya mwaka uliopita, juu ya madawati, juu ya picha za wanyama walizochora watoto wa darasa la awali. Muuguzi wa zahanati alisimama akaeleza usiku ule walivyowapandisha wajawazito wawili juu ya meza ya dawa, mmoja akijifungulia hapo, maji yakipita chini yao. Hakutia chumvi. Alisema kama mtu anayesoma tangazo, kisha akaketi. Mwoka mikate akasimama kutujibia, akasema tuta la mbele litalinda zahanati vilevile, mradi lisimame. Injinia akaitikia kwa kichwa akasema ni kweli, mradi lisimame.

Halafu mwenyekiti wa halmashauri akamwita Posta.

Kaka akasimama. Nilimkazia macho, nikiomba na nikiogopa, na hata sijui nilikuwa naomba nini. Akashika mgongo wa kiti.

"Kilima kilikuwa mbele ya nyumba," akasema. "Kilikuwepo tangu zamani, kabla yetu. Dada yangu anasema kweli."

Safu yetu ikalipuka kwa makofi. Mwoka mikate alinikumbatia mpaka nikasikia mifupa. Watu wa mlimani walinung'unika, lakini hakuna aliyethubutu kupinga, Posta ameshasema! Injinia akainamia ramani yake iliyobandikwa ubaoni, akachukua kifutio, akaanza kuufuta mstari wa nyuma taratibu, na unga wa kifutio ukawa unaangukia viatu vyake.

Nilipata nilichokitaka. Nyumba imebaki. Na kaka yangu bado alikuwa amesimama, ameshikilia kile kiti kama kitamkimbia. Sauti ile haikuwa yake. Mtu asiyejua kudanganya akidanganya, inakuwa kama anatembea na viatu vya mwenzie, kila mtu angeona kama wangemtazama miguu. Lakini walikuwa wanapiga makofi. Nikautazama ule mstari wa kahawia ukutani. Nikawaza tuta lisilo na mzizi, watu wamelala nyuma yake wakiwa na amani, kwa sababu Sindano aliteleza vizuri na beseni alipokuwa mtoto. Nikainuka.

"Kaka, kaa chini," nikasema.

Vichwa vyote vikanigeukia.

"Amesema hivyo kwa sababu nilimbana. Kilima cha kweli kilikuwa tunapokaa sisi. Baba yetu na baba zenu ndio waliokichimba. Kile cha mbele kilikuwa kifusi chao." Nilitaka kuishia hapo lakini mdomo wangu haujui kuishia. "Na nilikipenda, na bado nakipenda, asije mtu akanicheka. Ila tuta lipite jikoni kwangu."

"Sindano, umerukwa na akili?" mwoka mikate akasema, na alikuwa analia. Sikumlaumu. Hata leo ananisalimia kwa kichwa tu.

Injinia hakuandika kitu. Alimgeukia kaka yangu akamwuliza kwa upole, "Mzee, ni kweli?" Kaka akaitikia kwa kichwa. Kura ikapigwa kwa kunyoosha mikono, mstari wa nyuma ukapita. Na mimi niliunyoosha wangu, mzito kama nimeshika ndoo.

Nilimfuata kaka nje. Alikuwa anatembea mbele kwa hasira na suruali yake ya kombo, nami nikamkimbilia nikihema.

"Umenivua nguo mbele ya mji mzima!" akasema bila kugeuka.

"Ulishajivua mwenyewe."

"Mara ya kwanza maishani nimedanganya, nimedanganya kwa ajili yako!"

"Nani alikutuma?"

Akasimama, akanigeukia. "Wewe!"

Ni kweli, nilimtuma mimi. Akakaa kwenye ukuta mfupi wa shule, akajifuta uso kwa kiganja.

"Na si kwa ajili yako tu," akasema, na hasira ilikuwa imeisha, imebaki sauti ya mtu mzima aliyechoka. "Kule juu mimi ni babu. Ni Mzee Posta. Ni mgane. Wote walioniita kwa jina la utotoni wamelala makaburini, umebaki wewe. Nikishuka kwako, nikanawa mikono pale jikoni, bado mimi ni mtoto wa baba na mama. Unadhani kila mchana nafuata mboga zako?"

Nilidhani nyumba ni yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyebaki ndani nikaifagia. Haikunipitia kichwani hata siku moja kwamba yeye anaipoteza pia, na kwamba alijua hivyo wakati ananisimulia habari za toroli. Nililia palepale barabarani, watu wakipita wakijifanya hawaoni.

"Sikujua, kaka."

"Ungejua ungefanya nini?"

Nikafikiri kweli. "Ningesimama vilevile."

"Najua," akasema. "Ungekaa ningekushangaa."

Kesho yake asubuhi nilikuwa napiga pasi sare za shule niliposikia mlango. Hakubisha hodi. Alipita na mkoba wa nguo begani na mto chini ya kwapa, akaenda moja kwa moja chumba alicholala alipokuwa mvulana, ambacho mimi nimekijaza vitambaa vya wateja mpaka darini. Nikamsikia anavihamisha, anakohoa vumbi, analalamika.

"Unafanya nini huko?" nikauliza.

"Nakaa," akajibu. "Mpaka waje kuvunja."

Nikamwambia shuka ziko kabatini, atandike mwenyewe.