Gunia la Darasa la Kwanza

Madam Estrelita, mkuu wetu wa shule, alitugawa wawili wawili baada ya mwalimu wa darasa la tano kuzimia kando ya mashine ya kudurufu. Ulikuwa mwezi wa tatu tangu watoto waambiwe wabaki nyumbani kwa sababu ya ugonjwa. Sisi walimu tulikuwa shuleni kila siku tukichapa vijitabu vya masomo, tukivikunja, tukivipiga pini na kuvitia kwenye bahasha, kila mtoto na bahasha yake. Kila Jumatatu wazazi walikuja getini kurudisha za wiki iliyopita na kuchukua mpya.

"Kila mmoja atakuwa na mwenzi," Madam Estrelita alitangaza kwa kipaza sauti, sisi tumesimama uwanjani mita mbili mbili kama vigingi vya mpaka. "Kabla ya saa moja asubuhi umjulie hali mwenzi wako. Umelala? Umekula? Umelia? Atakayejibu 'sijambo' tu nitamwita ofisini."

Majina yakachotwa kwenye kofia ya mlinzi, nami nikampata Manang Leonisa wa darasa la kwanza. Wote tulimwita Manang, dada mkubwa, hata mkuu mwenyewe. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, wanafunzi arobaini na wawili, mgongo usiotaka kuinama, na mume baharia aliyekuwa melini kwa mwezi wa saba sasa, amekwama kwa sababu hakuna bandari iliyotaka kuwashusha. Walimu wengine walinionea gere. Manang ndiye aliyewafundisha nusu ya mji kusoma.

Mwalimu mwingine angetuma yale maswali matatu na kungoja jibu, lakini mimi ni mtu wa mashairi. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza mwenyewe, nikihesabu silabi kwa vidole nikienda kuchota maji, na sikuona aibu kusema kwamba katika mji wetu hakuna aliyenifikia. Basi kila alfajiri nilimtumia Manang ubeti mmoja.

*Manang, jua limetoka,*
*mpunga umeinuka,*
*machozi yakikushuka*
*kwangu huwezi anguka.*

Naye alinirudishia alama ya moyo mwekundu. Kila siku moyo. Nilitembea shuleni nikijua kuna mtu anasimama kwa sababu yangu.

Kisha akaletwa Sir Crisanto.

Alihamishiwa kwetu kutoka jijini kufundisha darasa la tatu. Mtu wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mpole kama gogo. Kabla ya kusomea ualimu alikuwa mpishi wa meli miaka kumi na mmoja. Alipewa mwenzi aliyebaki peke yake, Madam Jovelyn wa darasa la nne, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika tangu abatizwe. Nikacheka. Nikasema moyoni, haya, gogo limepata kigogota wake.

Wiki ya pili nikamkuta Manang Leonisa kwenye chumba cha mashine, amekaa kwenye kiti, na Sir Crisanto ndiye anayempigia pini vijitabu vyake. Manang alikuwa anacheka. Kicheko hasa, mpaka ile ngao ya plastiki usoni ikaingia ukungu. Mashairi arobaini na sita nilikuwa nimemtumia, na sikuwahi kukisikia kicheko kile.

"Sir Nulfo," Madam Jovelyn akaniambia kutoka kwenye lundo lake la karatasi, "punguza hayo macho, utatuunguzia shule."

"Wanacheka nini?"

"Mwenzi wangu na mwenzi wako? Nenda ukawaulize. Au watungie shairi."

Nikaenda. Nilipokaribia, wakanyamaza wote wawili.

"Manang, mgongo vipi leo?"

"Upo, mdogo wangu."

"Ungeniambia. Ningekupigia pini mimi."

"Una watoto wako hamsini, Nulfo. Sir Cris amemaliza vya kwake."

Sir Cris! Siku kumi na mbili tu, tayari jina limekatwa mkia. Mimi jina langu, Arnulfo, lilichukua mwaka mzima kufupishwa kuwa Nulfo.

"Sir hodari," nikasema. "Mikono ya kumenya vitunguu haichoki."

"Vitunguu vilinitoa machozi zaidi ya pini hizi," akajibu taratibu, wala hakukasirika. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu unamchoma, haonyeshi hata pa kuchomwa.

Tangu siku hiyo nikawa kama askari wa doria. Nilijua saa ngapi alimpelekea uji wa mchele wenye tangawizi, nilijua walikaa kwenye benchi gani, yeye ncha hii na Manang ncha ile, na dakika ngapi. Mara nyingi hawakuongea hata. Manang alisema kitu, Crisanto akatikisa kichwa, wakatazama mashamba. Nikaongeza beti. Asubuhi mbili, mchana mmoja. Moyo ulikuja mmoja kwa zote tatu. Siku moja ukaja ule mkono wa dole gumba tu.

Jumatatu ya wiki ya nne, wazazi walipokwisha kuondoka, Madam Jovelyn alinivuta kando kwa macho, maana mikono ilikatazwa.

"Usiseme umesikia kwangu."

"Kila mtu anajua nimesikia kwako."

"Basi nyamaza usikie. Manang amekwenda kwa Madam Estrelita. Anataka abadilishiwe mwenzi. Ijumaa majina yanasomwa upya."

Nilihisi uso unawaka chini ya barakoa. "Amesema kwa nini?"

"Mlango ulifungwa. Ungekuwa wazi ningekuambia hata rangi ya soksi za Madam."

Sikumuuliza Manang. Mtu wa aina yangu haombi abakizwe. Nilijiambia nina siku nne za kumwonyesha nani mwenzi wake wa kweli, na sasa nitamwonyesha kwa kazi, kazi ambayo yule mpishi hawezi hata akijaribu.

Kazi zilizorudishwa na wazazi zilikusanywa kwenye magunia, gunia kwa kila darasa, zikafungiwa maktaba siku tatu kabla ya mwalimu yeyote kuzigusa, ili kama ugonjwa umepanda juu ya karatasi ufie humo. Mlangoni mkuu aliandika kwa chaki: *Isifunguliwe mpaka Alhamisi.* Manang aliichukia Alhamisi. Watoto arobaini na wawili, mgongo ule, na alama zilitakiwa ofisini Ijumaa saa nne. Na ufunguo wa maktaba ulikuwa kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mlezi wa maktaba.

Jumanne mchana wote walipokuwa kwenye chumba cha mashine, nilifungua, nikabeba gunia la darasa la kwanza mgongoni mpaka darasani kwangu, nikafunga mlango. Nilijiona shujaa. Akilini nilimwona Manang Jumatano asubuhi akiletewa kazi zote zimesahihishwa, nikamwona Crisanto amesimama kando na sufuria yake, uji ukipoa.

Joto lilikuwa kali. Nikaishusha barakoa kidevuni, nikachukua kalamu nyekundu. Ilikuwa kazi tamu. Kuku mwenye miguu mitano. Herufi zilizopinda, na nyingine zilizonyooka mno, unajua kabisa ni mama aliyeziandika, akazipindisha kidogo mwishoni kwa kutuhurumia. Kurasa ziligandamana, nikawa nalamba kidole kuzifunua. Kumi. Ishirini. Bahasha ya ishirini na tisa ilikuwa ya mtoto aitwaye Reynalyn. Ndani, juu ya kazi, palikuwa na karatasi iliyokunjwa.

*Madam Leonisa, samahani. Jirani ndiye atakayeileta bahasha hii, sisi hatutoki. Mume wangu amepimwa, ana ugonjwa, na mtoto ana homa. Sikuwa na salio la kukupigia. Niliogopa kuandika juu ya bahasha, watu wangesoma. Najua inakaa siku tatu, tafadhali ya kwetu ikae zaidi. Reynalyn anakusalimu.*

Kidole changu kilikuwa bado kimelowa.

Nilikaa nikikitazama kama si changu. Ndipo nikasikia hatua barazani na sauti ya Manang Leonisa.

"Nulfo? Maktaba iko wazi na gunia langu halipo. Umeona mtu?" Kitasa kikageuka.

"Usiingie!"

"Nini tena?"

"Manang, usiingie! Rudi nyuma! Rudi mpaka kwenye nguzo!"

Alirudi, lakini akasogea dirishani kwa mbali, akaona. Gunia, bahasha zimetapakaa, kalamu nyekundu, barakoa kidevuni. Nikamsomea barua ile kwa sauti, na nilipofika kwenye salamu za Reynalyn akashika nguzo.

"Kwa nini umefungua gunia langu?"

"Nilitaka kukusaidia."

"Alhamisi si keshokutwa? Kwa nini leo?"

"Nilitaka umalize mapema."

"Nulfo. Kwa nini leo?"

Sikuwahi kukosa maneno maishani. Yalinikimbia yote yakaniachia moja, baya.

"Wivu," nikasema. "Nimesikia unataka kunibadilisha. Nilitaka kumshinda Crisanto."

Kisha akasema polepole, kama anavyowafundisha watoto wa miaka sita. "Mama yangu ana miaka themanini na miwili. Analala chumba kimoja na mimi. Kesho ungeniletea karatasi hizi, unacheka, nami ningezipokea, ningekushukuru. Umeliona hilo?"

"Nimeliona sasa."

"Basi sikia na hili. Nilikwenda kwa Madam, ndiyo. Kila asubuhi unaniuliza kama nimelia, na kabla sijaandika herufi moja, shairi limefika. Zuri. Mashairi yako ni mazuri, mdogo wangu, usikondee hilo. Lakini likifika inabidi nikusifu. Nimeamka sijui kama mume wangu ana maji ya kunywa huko aliko, na kazi yangu ya kwanza siku hiyo ni kukutumia moyo ili usinune."

"Na yeye?"

"Yeye anauliza, halafu ananyamaza mpaka nijibu. Na nikimwuliza mtu aliyekwama melini anakula nini, anajua. Siku ile tulikuwa tunacheka mabaharia wanavyoibiana vipande vya samaki."

Ingekuwa ni mtu mwingine amesema, ningetafuta la kumrudishia. Nilikaa chini kati ya bahasha.

Manang alimwita mkuu, mkuu akamwita mhudumu wa afya wa kata, na yule akasimama mlangoni akiwa amevaa koti la mvua la njano, akaamua: siku kumi na nne, humo humo darasani, na karatasi zote humo humo. Nililetewa mkeka, chandarua na ndoo. Mkuu hakunifokea. Alichukua tu ufunguo wa maktaba kwa kitambaa chenye dawa, akaondoka, na natamani angenifokea.

Chakula kililetwa na Crisanto, kwa kuwa ndiye aliyejitolea kabla ya wengine. Alikiweka juu ya kiti barazani, akarudi nyuma, akangoja nifungue mlango.

"Una homa?"

"Sina."

"Koo?"

"Hapana." Kisha nikasema kwa sababu nisingeweza kulala nisiposema, "Nilikutukana kuhusu vitunguu."

"Nilisikia." Akaangalia bakuli. "Kula kikiwa cha moto."

Nilikula. Natamani ningeweza kuandika kwamba uji wake ulikuwa maji matupu. Nilikwangua bakuli.

Ijumaa saa nne Madam Estrelita alisoma majina uwanjani. Nilisimama kwenye dirisha langu nimeshika nondo. Alisoma jozi zilizobaki vilevile, moja moja, nami nikajikuta naomba, hata baada ya yote, kwamba Manang awe amebadili nia. Nilimwona nyuma ya safu, mkono kiunoni, akingoja kama mimi.

"Madam Leonisa, na Sir Crisanto."

Alishusha mabega. Kitu kidogo tu, mabega yalishuka kama ya mtu aliyetuliwa ndoo kichwani, lakini nilikiona nikiwa upande wa pili wa uwanja, na kilinichoma kuliko barua ya mama Reynalyn. Sikuwahi kumshusha mabega yale.

"Sir Arnulfo, na Madam Jovelyn."

Walimu wengine wakageuka kunitazama dirishani. Mmoja akapiga makofi ya kunidhihaki. Nikainama kama mwigizaji jukwaani, maana nilikuwa na kiburi bado, hata kama kilikuwa kimefungiwa chumbani pamoja na ndoo.

Nusu saa baadaye Jovelyn alikuja na kiti, akakiweka mita tatu kutoka dirishani. Nyuma yake, kwenye kivuli cha paa la chumba cha mashine, Manang na Crisanto walikuwa wanayaanza upya majibu ya darasa la kwanza kwa kuwapigia wazazi simu mmoja mmoja, kwa sababu kazi zenyewe zilikuwa zimefungiwa humu pamoja nami na kalamu yangu nyekundu. Manang aliyasoma majina, Crisanto akabonyeza namba.

"Ukiangalia kule sitakuambia kitu," Jovelyn akasema.

"Niambie."

"Nitaongea sana, nakuonya. Nyumbani nikinyamaza naanza kusikia mambo." Akavuta pumzi chini ya barakoa. "Harusi yangu imeahirishwa mara ya tatu. Jana mchumba wangu ameniambia tusipange tarehe nyingine kwanza. Kwanza! Sijui hilo 'kwanza' lina maana gani, Nulfo. Nimekaa nalo usiku kucha."

Ubeti mzima ulinijia hapo hapo, vina vyake vimekamilika, na ulikuwa mzuri, naapa. Kule ng'ambo Manang alicheka tena kwa kitu alichosema yule mtu. Nikashika nondo kwa nguvu, nikaumeza ule ubeti, nikageuza macho nikamtazama Jovelyn.

"Halafu akasemaje?" nikamwuliza, nikangoja.