Sweta la Bibi Mwingine

Mjukuu wangu aliingia jikoni akijishaua na sweta jipya alilofumiwa na yule bibi yake mwingine, mama mkwe wa binti yangu. Wivu ukanishika. Nikaiacha keki kwenye oveni, nikamvua lile sweta, nikaligeuza na kulikagua upande wa ndani, kitanzi kwa kitanzi. Hakuna kosa hata moja! Yule mwanamke ni fundi, Mungu anisamehe.

"Hili litakuwasha shingo," nikamwambia. "Vaa lile nililokufumia mimi."

Mtoto akacheka. "Na yeye aliligeuza lako hivyohivyo, akasema litaniwasha."

Nikamuuliza haraka, "Aliona kosa?"

"Hakuona, Bibi. Alinuna tu."

Siku hiyo mjukuu wangu alikula keki vipande vinne.