Uso wa Hilke Dirishani

Sikukuu ya Watakatifu Yohana na Paulo, katikati ya misa, Wobbeke aliinua macho amwombee binti yake, akamwona kwenye kioo cha dirisha la kanisa.

Dirisha lile lilikuwa la mpiga filimbi, yule aliyewaongoza watoto mia na thelathini wa Hameln hadi mlimani, wasirudi tena. Mvua ya mawe ilikuwa imevunja kipande kimoja, na fundi Jost, mgeni kutoka Braunschweig, alikuwa ameweka kipya jana. Mtoto wa tatu nyuma ya filimbi alikuwa na pengo la jino na kovu kidevuni. Alikuwa Hilke mwenyewe, binti yake.

"Mama, unaniumiza mkono," Hilke alinong'ona.

Wobbeke alitaka kusali, akashindwa, akamvuta mtoto nje.

Walirudi kwa Njia Isiyo na Ngoma. Watoto wale walipitia hapo, ndiyo maana hata maharusi hunyamazisha ngoma zao na kupita kama waliofiwa. Walipofika katikati, Hilke akapiga mluzi, wimbo mtamu ambao mama yake hakuwahi kuusikia.

Wobbeke alimziba mdomo. "Nani kakufundisha?"

"Fundi Jost. Nikimpelekea mkate huwa anaupiga."

Juu yao mtu alifunga dirisha la nyumba yake kwa kishindo. Wobbeke alimbeba mtoto, ingawa alikuwa na miaka saba, akakimbia hadi kwenye karakana ya fundi.

"Ufute uso wa mwanangu!"

"Taratibu, mama. Nilitaka uso wa kuchora, naye alikuwa anacheka pale mlangoni. Si heshima hiyo?"

"Heshima gani? Umemtia kwenye msafara wa wasiorudi! Hakuna mzazi wa hapa ambaye angekuruhusu!"

Tabasamu la Jost lilizimika. "Rangi imeshachomwa tanuruni. Haifutiki. Na nikikivunja, padri atanivunja mimi."

"Kwa hiyo mwanangu aende nao?"

Wobbeke alipiga magoti juu ya vumbi la vioo, akamlilia Mungu bila kujali nani anasikia. Hilke naye akaanza kulia.

Fundi alijikuna shingo. "Nasikia kuna mmoja wa watoto wale aliyepona."

"Alirudi nyumbani kuchukua koti. Alipotoka tena, mlima ulikuwa umeshawameza wenzake na kujifunga."

"Basi. Kufuta siwezi, kugeuza naweza."

Alipanda ngazi kanisani, akakunjua ukanda wa risasi, ile metali laini iliyoshika kioo, akakichomoa, akakigeuza nyuma mbele. Sasa Hilke alimpa mpiga filimbi kisogo, akitazama lango la mji.

"Rangi imekuwa upande wa nje," Jost alisema kutoka juu. "Mvua itaila."

"Iile, baba. Iile yote."

Wachoraji waliokuja baadaye kunakili dirisha lile walimchora mtoto huyo akikimbilia nyumbani, bila kujua ni nani. Mmoja alimwekea koti mkononi. Wakati huo Hilke alikuwa mama wa watoto wanne, lakini kila wakipita ile njia ya kimya, Wobbeke, mgongo umepinda, alinyoosha mkono.

"Nishike," alimwambia. "Usiniachie mpaka tutoke."