Kimya cha Mkamwana

Nyanchera alipoambiwa na nesi Mong'ina kwamba nusu ya akina mama wajawazito waliotiwa pamoja naye kwenye utafiti wa dawa walikuwa wakimezeshwa chaki, hakulia. Alicheka, kicheko cha mtu anayetafuta wa kumpiga.

"Chaki?"

"Chaki, dada. Vidonge vinafanana, lakini vingine havina kitu ndani. Nani anapewa vidonge vipi, hata sisi hatuambiwi. Dawa ya kumkinga mtoto asizaliwe na ukimwi ipo. Huko ng'ambo, kwao wenye utafiti, wanampa kila mjamzito mwenye virusi. Huku wanapima kama dawa kidogo tu itatosha."

Kumbe! Huko kwao ni haki, huku ni bahati nasibu. Na Nyanchera mimba ilikuwa imepea. Mumewe, Manasseh, alikuwa kaburini, na mtoto huyu ndiye pekee aliyemwachia.

Halafu eti alikubali mwenyewe! Daktari Nyabuto alipofika kwao Ekerenyo, hakumwita kando. Alimketisha mbele ya baba mkwe wake, mzee Ratemo, akaanza kumuuliza habari za damu na tumbo. Jamani! Mkisii gani asiyejua chinsoni? Mkamwana na baba mkwe hata mkono hawapeani, sembuse kutajiana mambo ya mwili. Nyanchera aliinamisha uso. "Kimya chake ni kukubali," daktari akasema, na mzee, kwa kusikia neno dawa, akatia kidole gumba kwenye fomu. Angekuwa mgeni tungesema hakujua. Lakini Nyabuto ni Mkisii, mzaliwa wa Kenyenya, heshima hiyo aliinyonya kwa mamake. Aliigeuza mtego, mchana kweupe, bila haya.

Siku ya kliniki Nyanchera alimwomba mzee amsindikize. Walipoingia kwa daktari, alikataa kuketi.

"Daktari, mimi nameza dawa au chaki?"

Nyabuto alimtupia mzee jicho, akatabasamu. "Mama, hayo tutazungumza wawili. Mbele ya mzee si adabu."

"Siku ile adabu uliiacha wapi?"

Mzee Ratemo aliinuka atoke, ndivyo desturi inavyotaka. Nyanchera akamzibia mlango.

"Tata, baba yangu, unisamehe, leo nakuvunjia heshima. Nina ukimwi. Manasseh alikufa nao. Mjukuu wako yumo humu tumboni, na huyu labda anampa chaki."

Mzee alirudi akaketi.

"Nyabuto," alisema bila kumtazama mkamwana wake, "dawa yenyewe iko hapa?"

"Iko, mzee, lakini—"

"Mpe."

"Nikimpa, utafiti utaharibika. Wenzetu wa ng'ambo hawataelewa."

"Na mtoto akiharibika, nani ataelewa?"

Daktari alianza kupanga kalamu zake mezani. Nyanchera hakungoja zaidi. Alifungua mlango, akawakabili akina mama waliojaa benchi na matumbo yao, akawaambia kwa Kikisii, neno kwa neno, walichokuwa wakimeza.

Nyabuto akatoka mbio. "Mama Nyanchera, nakusihi, nyamaza!"

"Ninyamaze tena? Nilinyamaza mara moja, ukasema nimekubali."

Wanawake walikwisha kusimama. Hakuna aliyekwenda nyumbani. Walielekea kwenye kabati la dawa, na mzee Ratemo nyuma yao.