Oili ya Mzee Kingori

Ngendo alikuwa ameinamia injini ya pikapu ya maziwa wakati stesheni wagoni nyeupe ilipoingia gereji yake pale Nyeri. Aliyeiendesha aliizima kabla haijasimama vizuri, na Ngendo akajua kuna kitu kimemtia hofu. Mwanamke wa miaka sitini na kidogo alishuka upande wa dereva akiwa amejifunga shali kwa ajili ya baridi ya Julai. Upande wa pili alishuka mumewe, taratibu, mkono wa kulia ukiwa ndani ya mfuko wa koti.

Mwanamke alijitambulisha kuwa Tabby, mwalimu mstaafu kutoka Mweiga. Mumewe alikuwa Simeon Kingori, naye alikuwa dereva wa idara moja ya serikali kwa miaka thelathini na moja. Alikuwa amepeleka wakubwa kila mahali, kuanzia milima ya udongo mwekundu ya Kangari wakati wa mvua hadi njia za mawe za Doldol. Alipostaafu alinunua gari hilo, na sasa lilikuwa limetembea kilomita elfu mia tatu themanini na sita.

Tabby alieleza shida. Kwa mwezi mzima, kila asubuhi injini ilipowashwa ilikuwa ikigonga kama mkebe wa misumari kwa muda mfupi, kisha inatulia. Jana yake, alipokuwa amesimama kwenye foleni mjini, taa nyekundu ya oili iliwaka kwenye dashibodi. Alipokanyaga mafuta ikazimika, alipoachilia ikawaka tena. Fundi mmoja wa Karatina alikuwa amewashauri wanunue dawa ya kusafisha injini, waimimine, waache injini ingurume robo saa, kisha wamwage uchafu wote. Chupa ya dawa hiyo ilikuwa kwenye kiti cha nyuma, haijafunguliwa.

Ngendo aliuliza oili ilibadilishwa lini mara ya mwisho. Simeon akajibu kabla ya mkewe kufungua mdomo. Alisema oili ya gari hilo hubadilishwa kila kilomita elfu tano, na ni yeye mwenyewe huibadilisha, nyumbani, pale kwenye nyasi kando ya zizi. Hakuna gari lililowahi kufia mikononi mwake. Alisema hayo akitazama mabati ya paa.

Ngendo akafungua kifuniko cha kumiminia oili. Kwenye injini iliyotunzwa, ukichungulia hapo unaona chuma chenye rangi ya asali. Hapa hakuona chuma. Alitumbukiza kidole, kikatoka na kitu cheusi kizito kama siagi, ambacho hakikudondoka. Akakifuta kwa kitambaa, akaanza kufungua kifuniko kikubwa cha juu ya injini.

Alipokiinua, Tabby alisogea karibu kutazama. Kila kitu kilikuwa kimefunikwa na tope jeusi. Kwenye pembe, mahali joto ni kali, tope hilo lilikuwa limekauka na kushika kama ukoko wa ugali chini ya sufuria.

Ngendo alimweleza kwa lugha rahisi. Oili ikikaa sana huungua kidogo kidogo na joto, ikashikana na masizi na mvuke, hasa kwa gari linalokwenda safari fupi fupi kwenye baridi. Isipomwagwa, inaganda. Chini ya injini kuna chujio ambalo pampu huvutia oili, na tope likilala juu ya chujio hilo, pampu inakosa cha kuvuta. Ndiyo maana taa inawaka.

"Na hii dawa?" Tabby aliuliza.

"Kwa injini iko na uchafu kidogo, ni sawa. Kwa hii, ingeng'oa mapande yote mara moja yaende yazibe kabisa. Hungefika Mweiga, Mwalimu."

Simeon akasema kwamba siku hizi oili nyingi madukani ni bandia. Alisema mara mbili. Mara ya pili sauti yake ilikuwa chini zaidi.

"Baba Gatimu," Tabby alisema, "uliniambia umebadilisha Februari. Mwaka jana ukaniambia umebadilisha Septemba. Nilikuletea chai ukiwa huko chini ya gari."

Mzee alitoka nje ya banda akasimama karibu na ua akiwapa mgongo, kama mtu anayekagua sukumawiki za jirani.

Ngendo alimimina chai kutoka kwenye thamosi yake akampa Tabby. Tabby aliishika bila kuinywa. Kwa sauti ya chini alisema wameishi pamoja miaka arobaini na moja na mwanamume huyo hajawahi kumdanganya, hata kuhusu mambo ambayo wanaume wengine hudanganya. Kwa hivyo huu haukuwa uongo. Mama mkwe wake alianza hivyo hivyo, akisema amekwisha kukamua ng'ombe kumbe hajakamua, amekwisha kula kumbe hajala. Miaka miwili baadaye hakumjua mwanawe. Tabby alimwambia Ngendo, fundi ambaye hawakuwa wamefahamiana naye hata saa moja, kwamba hakuwa amemwambia mtu mwingine yeyote jambo hilo. Hata mtoto wao Gatimu alikuwa hajui.

Ngendo alipeleka kikombe cha pili kwa mzee pale uani, naye akakipokea kwa mkono wa kushoto, akamshukuru. Kisha Ngendo akasukuma gari juu ya shimo la gereji na kushuka ngazi na taa, ili amwage oili.

Alipomulika bolti ya kumwagia oili, alisimama. Bolti ya kawaida ina pembe sita. Hii haikuwa na pembe tena, ilikuwa imelika ikawa karibu mviringo. Juu yake kulikuwa na mikwaruzo ya spana, alama za meno ya koleo, hata mahali mtu alipojaribu kuipiga kwa patasi. Mikwaruzo mingine ilikuwa imeshapata kutu, mingine iking'aa bado. Mtu alikuwa amelala chini ya gari hili mara nyingi, katika misimu tofauti, akipigana na bolti moja.

Alichukua kifaa chake cha kushika bolti zilizolika, akakiingiza kwenye bolti, akavuta. Ikazunguka kwa mvuto wa kwanza. Haikuwa imekazwa sana. Mtu yeyote aliyebadilisha magurudumu barabarani kwa miaka thelathini angeifungua bila hata kukunja uso.

Hakuifungua yote. Aliirudisha kidogo, akakaa pale shimoni na taa mkononi. Alifikiria ule mkono uliokuwa mfukoni tangu asubuhi, na kikombe kilichopokewa kwa kushoto.

"Mzee," akaita, "kuja kidogo uone kitu."

Simeon alishuka ngazi kwa uangalifu, akijishikilia kwa mkono mmoja. Ngendo alimulika bolti. Mzee aliisogelea akaitazama.

"Hiyo ni kazi yangu," akasema.

Akaanza kumweleza, maneno yakitoka polepole. Ilianza mwaka juzi baada ya Pasaka. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vikifa ganzi asubuhi, naye akadhani ni baridi. Halafu kikombe kilimponyoka. Halafu siku ya kubadilisha oili ilifika, na spana ikawa inazunguka ndani ya kiganja chake kama ya mtu mwingine. Alijaribu na kushoto, akajaribu na koleo, ikalika pembe. Ikawa ngumu zaidi. Aliamua kuongeza oili mpya kutoka juu ili kipimo kisome vizuri, akijiambia wiki ijayo mkono utakuwa umepona. Na kila ilipofika siku ya kubadilisha, alilala chini ya gari saa nzima.

"Nilikuwa nasikia miguu yake ikija na chai," alisema. "Naanza kugonga spana kwa chuma, ndio ajue niko kazini."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Ati mimi, Kingori, siwezi kufungua nati?"

Ngendo aliweka taa chini. Alikuwa amezoea kuona kiburi cha wanaume kuhusu magari yao, na mara nyingi kilimchosha. Hiki hakikumchosha. Alimwambia mzee jambo ambalo, kama angefikiria zaidi, huenda angelinyamazia.

"Mwalimu hana shida na oili. Anafikiri unapoteza akili, kama mamako. Hicho ndicho kinamuumiza."

Simeon alimtazama kana kwamba hakuelewa Kiswahili. Kisha uso wake ukabadilika. Ilikuwa wazi kwamba kwa miaka miwili hilo halikuwa limemjia hata siku moja. Alijiona mwenye siri moja ndogo ya aibu, hakujua mkewe amebeba ya kwake, nzito kuliko hiyo. Aligeuka akapanda ngazi haraka kuliko alivyoshuka.

Ngendo alibaki shimoni kwa makusudi. Alifungua bolti, na oili ikaanza kudondoka, nene na nyeusi, kwa mikatiko. Kutoka juu alisikia mzee akimwambia mkewe amshike mkono. Akamwambia abonyeze hapa, kati ya kidole gumba na cha shahada, mahali nyama ilikuwa imeisha. Tabby akauliza tangu lini, naye akamwambia.

"Ndio maana hata kanisani unavaa sweta tu," Tabby alisema. "Vifungo vilikushinda."

"Vilinishinda."

"Nilikuwa nimeanza kukuficha funguo za gari, Baba Gatimu. Niliogopa utatoka siku moja usijue njia ya kurudi."

"Na mimi nilikuwa nafurahi nisipoambiwa niendeshe."

Ngendo akasikia sauti ambayo hakujua kama ni kicheko au kilio. Huenda ilikuwa ya wote wawili. Baadaye Tabby alianza kumgombeza kuhusu chai aliyoiacha ipoe pale uani, akamgombeza kwa muda mrefu, na mzee akawa anakubali kila kitu.

Kazi ilichukua siku tatu. Ngendo alifungua sampu, lile bakuli la chini linaloshika oili, akachota humo tope la kujaza kopo zima la mafuta ya kupikia. Chujio lilikuwa limezibwa theluthi mbili. Aliliosha kwa dizeli mara nne mpaka mwanga ukapita kwenye kila tundu. Sehemu za juu alizikwangua kwa vijiti vya mbao na vitambaa, kwa sababu chuma kingeacha mikwaruzo, na alifuata kila kipande kilichoanguka kuhakikisha hakibaki ndani. Alibadilisha kivalvu cha kupumulia, kinachotoa mvuke wa injini, ambacho kilikuwa kimeziba kabisa, akaweka filta mpya na bolti mpya yenye pembe zake sita. Aliweka oili ya bei nafuu kwanza, akaacha injini ingurume bila kulazimishwa, akaimwaga yote, kisha ndipo akaweka ile nzuri.

Walipokuja kulichukua gari aliwaambia ukweli. Injini ilikuwa imekaa na njaa ya oili muda mrefu, na hangeweza kuahidi miaka mingapi imebaki. Kilichobaki ndani kilipaswa kutolewa polepole. Oili ibadilishwe baada ya kilomita mia tano, halafu elfu moja, halafu elfu mbili, na kila mara watazame rangi yake. Taa nyekundu haikuwaka. Mlio wa kugonga wa asubuhi ulibaki, lakini kwa sekunde mbili tu.

Simeon alipelekwa hospitali wiki hiyo hiyo. Daktari alisema mshipa wa fahamu ulikuwa umebanwa kwenye kiwiko, na kwamba walikuwa wamechelewa. Alipasuliwa Septemba. Ganzi ilipungua na akaweza kushika kikombe na kalamu, lakini nyama iliyoisha haikurudi, na daktari hakumficha kwamba nguvu ya zamani haitarudi. Kwa majuma kadhaa hakutaka kuzungumza na watu, na Tabby hakumlazimisha.

Mwisho wa Oktoba, saa nne asubuhi, simu ya Ngendo iliita. Alikuwa Tabby, sauti yake ikiwa ya mtu aliyelala chali. Alisema walikuwa wamefikisha kilomita elfu moja, yuko chini ya gari na ovaroli ya mumewe, bolti imefunguka, na oili imetoka. Ilikuwa nyeusi, lakini nyepesi, ilitiririka. Alitaka kujua aiache imwagike dakika ngapi kabla ya kufunga, kwa sababu yeye alisema dakika kumi zinatosha na mzee alisema nusu saa.

"Nusu saa," sauti ya Simeon ilisema kutoka mbali. "Na injini iwe na joto. Nilimwambia aiwashe kwanza, hakuiwasha."

"Niliiwasha."

"Dakika mbili si kuwasha, Mama Gatimu."

Ngendo alisema nusu saa ni sawa. Tabby akamwambia mumewe kwamba basi, kwa kuwa ana haraka ya kusahihisha watu, alete kiti akae karibu, na alete chai.

Ngendo alisikia kiti cha mbao kikiburutwa juu ya changarawe.