Bomba Lenye Kiburi

Mama Pasi alikuwa dobi, na kazi ya dobi huuacha mdomo bila shughuli. Mikono inanyoosha kola, macho yanafuata mikunjo, mdomo umekaa tu tangu asubuhi. Wa kwake aliutafutia ajira redioni.

Redio ya mji ilikuwa na kipindi cha asubuhi ambamo wananchi walipiga simu na kutoa maoni yao kuhusu habari za mji. Mama Pasi alikuwa akipiga kwa jina la Mkazi wa Kona, kwa sababu duka lake lilikuwa kwenye kona, na kwa sababu hakutaka wateja wake wa halmashauri wajue kwamba anayewanyooshea mashati ndiye huyohuyo anayewakunja hewani. Mumewe, dereva mstaafu wa lori, alikuwa na kazi moja tu wakati huo: kuikimbilia redio na kuipunguza sauti, ili mkewe asisikike mara mbili humo ndani.

"Mara moja inatosha," alikuwa akisema, na haikujulikana kama anazungumzia mitambo au ndoa.

Taa mpya za barabarani zilipoanza kuwaka mchana na kuzimika jua likizama, Mkazi wa Kona aliwaambia wasikilizaji kwamba taa hazina kosa, nazo zinaogopa kukaa nje gizani. Ulipotangazwa mpango wa kuupandisha mji hadhi uwe jiji, aliuliza kama shimo lililoko mbele ya duka lake nalo litapandishwa cheo, maana tayari lilikuwa limenenepa kama bosi. Mtangazaji, kijana mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, alikuwa akicheka mpaka anasahau kusoma matangazo ya biashara.

Ndipo ikaja habari ya chemchemi.

Halmashauri ilitangaza kwamba kwenye mzunguko wa barabara, karibu kabisa na duka la Mama Pasi, itajengwa chemchemi ya mapambo yenye taa za rangi, ili kuupa mji sura. Huo ulikuwa mtaa ambao mabomba yake yakifunguliwa yalikohoa, yakatema kutu kidogo, kisha yakanyamaza. Maji ya kufulia Mama Pasi aliyanunua kwa mwenye mkokoteni, ambaye naye alikuwa akija siku anayojisikia. Kwa hiyo habari hiyo ilimwingia kama mchanga kwenye jicho. Akachukua simu, na mumewe akaelekea kwenye redio bila kuambiwa.

"Mkazi wa Kona, karibu," alisema mtangazaji. "Leo una lipi?"

"Nina swali dogo, mwanangu. Hiyo chemchemi itakunywa nini?"

"Itakunywaje tena, mama? Yenyewe si ndiyo inatoa maji?"

"Inayatoa wapi? Sisi huku tukifungua bomba linatoa upepo. Hilo nalo ni bomba kama mabomba mengine, ila lina kiburi. Na leo naweka neno langu, wote wasikie. Likitoa maji, hata ya kujaza kikombe, suti ya meya nitaifua mimi, kwa mikono yangu, palepale, mbele za watu, kwa maji hayohayo."

Alipokata simu, mumewe alikuwa bado ameshika kitufe cha redio.

"Suti za meya ni za sufu," alisema.

"Najua."

"Sufu haifuliwi hovyo hovyo."

"Haitafuliwa hovyo wala vizuri. Maji hayatatoka."

Kufikia mchana maneno yale yalikuwa yameenea mji mzima. Wauza mboga waliyarudia, makarani waliyarudia, na mafundi waliokuwa wakijenga chemchemi walianza kupaita mahali pale Kwa Dobi, bila kujua dobi mwenyewe anawaangalia kupitia dirishani huku akikung'uta mashuka.

Wiki hiyohiyo akaingia dukani afisa habari wa halmashauri. Alikuwa kijana mrefu, mkondefu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu kwamba walichokiona sicho. Alibeba mfuko wa mashati meupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo mengi hivi?"

"Jasho, mama. Kazi imekuwa ya jasho." Akakaa kwenye kiti cha wateja, akanyoosha miguu. "Kuna mwanamke mmoja redioni, sijui kama umemsikia. Ametuharibia shughuli yote. Nikienda benki wananiuliza habari za suti. Nikienda kinyozi, suti. Juzi mama mkwe wangu amenipigia kuuliza kama ni kweli."

"Nimesikia wakimtaja," alisema Mama Pasi, na akaibana sauti ikawa nyembamba kama ya mtoto anayeomba ruhusa. Nyuma ya pazia mumewe akashikwa na kikohozi.

"Meya ameagiza nimtafute. Anataka akae mstari wa mbele siku ya uzinduzi."

"Ili mumkamate?"

"Tumkamate kwa lipi? Mheshimiwa anataka tu kumwona uso wake maji yatakaporuka."

"Na utamjuaje, mwanangu? Mji una watu wengi."

"Kwa sauti. Yule ana sauti ya mtu aliyelamba limau."

Pasi ikasimama juu ya kola. Mama Pasi alikuwa ameimba kwaya tangu usichana wake, na katika watu wote waliokaa mbele yake wakamsikiliza, hakuna aliyewahi kumtajia limau. Ilibidi mumewe akohoe tena ndipo akakumbuka kuinyanyua pasi kabla shati halijaungua.

"Na wewe mwenyewe unaonaje?" aliuliza, bado kwa sauti nyembamba. "Yatatoka?"

Afisa habari akatazama mlangoni kwanza. "Mama, hotuba ya meya ninaiandika mimi. Nimeandika mbili. Moja ya maji yakitoka, nyingine ya yasipotoka."

"Hiyo ya pili inasemaje?"

"Inasema chemchemi yetu ni ya kisasa, inatunza mazingira kwa kutopoteza maji."

Mama Pasi alicheka mpaka akaegemea meza. Kijana naye, baada ya kujizuia kidogo, akacheka. Alipoondoka, Mama Pasi alikaa akiyatazama yale mashati na kujiona ameingia matatani. Kuisema halmashauri ilikuwa rahisi ilipokuwa jengo tu. Sasa ilikuwa na kijana mwenye mama mkwe msumbufu.

"Nisipige tena simu?" alimwuliza mumewe.

"Utaweza?"

Hakuweza. Lakini wiki ile alizungumzia takataka za sokoni tu, na mtangazaji akamwuliza kama anaumwa.

Siku ya uzinduzi alivaa gauni lake la harusi za watu, akamshika mumewe mkono, wakaenda. Hakwenda mbele. Alisimama kando ya turubai la wageni, mahali ambapo angeona vizuri aibu ya wenzake. Chemchemi yenyewe ilikuwa duara kubwa la vigae vya buluu, na katikati mabomba yamesimama yakimetameta. Pembeni kulikuwa na kisanduku chenye kitufe chekundu kilichofungwa utepe. Meya, mtu mnene mwenye tabasamu la kudumu, alikuwa amevaa suti ya kijivu. Afisa habari alisimama nyuma yake, hotuba ya kwanza katika mkono wa kulia na ya pili katika wa kushoto.

Utepe ukakatwa. Kitufe kikabonyezwa. Kimya.

Meya akabonyeza tena. Mabomba yakakohoa, kikohozi kilekile ambacho kila mtu wa mtaa ule alikifahamu toka jikoni kwake. Watu wakaanza kuguna. Afisa habari akaanza kuuinua mkono wa kushoto. Mama Pasi akamgeukia mumewe, uso wote unang'aa.

"Nilisema nini mimi?"

Hapo ndipo maji yakatoka. Hayakutoka ya kikombe. Yaliruka juu kuliko turubai, juu kuliko nguzo za taa, yakasimama kidogo angani kana kwamba yanatafuta pa kwenda, kisha upepo ukayachukua na kuyamwaga yote kwenye mstari wa mbele. Wageni rasmi walikimbia wamejifunika viti. Meya hakuwahi kukimbia. Alilowa kuanzia kichwani, tabasamu likiwa bado mahali pake. Umati ukashangilia kwa namna ambayo mji ule haukuwahi kuishangilia halmashauri.

Mama Pasi alibaki kinywa wazi. Kisha mtu fulani nyuma akapaza sauti kuuliza Mkazi wa Kona yuko wapi, na wengine wakadakia, na ikawa kama wimbo.

"Mke wangu," alisema mumewe taratibu, "unaitwa."

"Twende nyumbani."

"Twende. Gari likishaanza mteremko halirudi nyuma, lakini wewe si gari."

"Nyamaza wewe," alisema, kwa sauti yake halisi, ile ya redioni.

Afisa habari, ambaye alikuwa ametupwa na maji mpaka kando yao, akageuka polepole. Nywele zilikuwa zimemlalia usoni. Alizisukuma kando, akamtazama Mama Pasi.

"Ni wewe, mama."

"Ni mimi, mwanangu. Na habari ya limau tutaizungumza siku nyingine."

Angeweza kuondoka. Kijana asingemtaja, hilo aliliona machoni mwake. Lakini miguu ilikataa. Miaka yote alikuwa amewasema watu wanaoahidi na kupotea, na hakutaka kuanza kufanana nao akiwa amevaa gauni zuri. Akapenya katikati ya watu mpaka kwa meya.

"Vua koti, mheshimiwa."

Meya akamtazama, akaelewa, na kwa mara ya kwanza tabasamu lake likawa la kweli. Akavua. Mwenye duka la ng'ambo ya barabara akaleta beseni na kipande cha sabuni. Mama Pasi akapiga magoti kwenye vigae, akateka maji, akaanza kulifua lile koti kwa vidole, kwa upole, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga, maana sufu ni sufu hata mbele za watu. Kamera zikamzunguka. Afisa habari akamsogezea kipaza sauti.

"Basi mama, umekubali umekosea?" aliuliza meya.

"Nimekosea, mheshimiwa. Nilisema hayatatoka, na yametoka. Nakuomba radhi, wewe na mafundi wako." Akaligeuza koti. "Sasa nina swali dogo. Yametoka wapi?"

Meya akamtazama mhandisi wa mradi. Mhandisi akatazama viatu vyake. Afisa habari akafungua mdomo kueleza, kama alivyozoea, akatazama mikononi mwake. Hotuba zote mbili zilikuwa uji. Labda ndiyo sababu alisema kweli.

"Yametoka kwenye bomba kuu la mitaa ya jirani, mheshimiwa. Yamefungiwa huko tangu jana ili leo yaruke vizuri."

Kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi. Maneno yale yalifika mpaka mwisho wa umati, na mwisho wa umati ndipo walipokuwa wamesimama akina mama ambao tangu jana walikuwa hawajaosha hata sahani. Mmoja akaondoka. Akarudi na ndoo. Akaingia ndani ya duara, akainama, akateka. Askari wa halmashauri akamsogelea, kisha akamgeukia meya akisubiri amri. Lakini meya alikuwa na shati tu, limemganda mwilini, na bila koti alionekana kama mtu aliyekuja kuteka maji naye.

"Mwache," alisema. Baada ya kufikiri kidogo akaongeza, "Msaidie kuinua."

Wakaja wengine na ndoo, na madumu, na sufuria za shughuli. Kadiri walivyoteka ndivyo maji yaliyoruka yalivyozidi kushuka, mpaka chemchemi ikawa inabubujika kwa kimo cha mtoto anayetambaa. Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba wananchi wameupokea mradi kwa mikono miwili, na safari hiyo hayakuwa yamesema uongo.

Koti lilikauka likiwa fupi mikononi. Meya alilifuata mwenyewe dukani, akalijaribu mbele ya kioo.

"Limepungua," alisema.

"Lilikuwa na haki ya kupungua, mheshimiwa. Nililionea huruma lakini sikuweza kuliokoa."

Meya akalivaa hivyohivyo akaenda nalo barazani, na wiki iliyofuata madiwani kadhaa walikuwa wamefupisha mikono ya makoti yao.

Halmashauri ilikaa vikao virefu. Mwishowe ikaamua kwamba chemchemi itaruka siku za sikukuu tu, na pembeni yake ikaweka mabomba ya watu kuteka, yaliyofungwa kwenye ukuta wa vigae vilevile vya buluu. Mama Pasi alipiga simu redioni, safari hii kwa jina lake la dukani, kulalamika kwamba mabomba yamewekwa chini mno, mtu akiteka anaonekana kama anayeiinamia halmashauri. Lakini alikwenda kuteka.

Asubuhi moja alimkuta afisa habari kwenye foleni, amevaa kandambili, ameshika ndoo mbili. Wakasalimiana.

"Kumbe na wewe?" alisema Mama Pasi.

"Kwetu yalikatika ili huku yapatikane," alisema kijana. Akatazama kulia na kushoto, akainama kidogo. "Mama, mwezi ujao tunatangaza mnara wa saa. Utakuwa na nyuso nne."

"Na zote zitasema saa ileile?"

Kijana akazisogeza ndoo zake mbele.

"Hilo bado tunalijadili," alisema.

Mama Pasi akainua ndoo yake. Foleni ilikuwa imesogea, na tayari midomo yake ilikuwa imeanza kucheza.